Sheria Inapompima Mbwa kwa Futi Kamba

Mwishoni mwa 2023, wenye mbwa wengi Uingereza walijikuta wamepiga magoti sebuleni, mkono mmoja umemshika mbwa shingoni, wa pili umeshika futi kamba. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mbwa wa aina ya XL Bully anapigwa marufuku, ikatoa na maelezo ya umbo lake: dume aliyekomaa awe na kimo cha sentimita 51 au zaidi, kuanzia ardhini hadi juu ya mabega, jike sentimita 48 au zaidi, kichwa kipana, kifua kinene, misuli iliyojaa. Aliyefikia kimo hicho na kufanana na sehemu kubwa ya maelezo mengine alitakiwa kuandikishwa, kuhasiwa, kuwekewa chipu, kukatiwa bima na kuvalishwa kifunika mdomo kila anapotoka nje. Huko England na Wales, kuanzia tarehe 1 Februari 2024, kumfuga bila cheti ni kosa la jinai. Zaidi ya mbwa 50,000 waliandikishwa.

Sasa wafikirie madume wawili wa tumbo moja. Mama mmoja, baba mmoja, wamenyonya pamoja na kulelewa nyumba moja. Mmoja amekua hadi sentimita 52, mwenzake ameishia 49. Wa kwanza sheria inamhesabu kuwa hatari. Wa pili ni mbwa tu, anaweza kutembezwa bustanini mdomo wazi. Ikiwa huyo wa pili ndiye mwenye tabia ya kuruka ukuta na kukimbiza watoto, futi kamba haiwezi kulisema hilo.

Nisimzungushe msomaji. Naamini sheria zinazopiga marufuku aina fulani za mbwa huuliza swali lisilo na jibu thabiti, yaani “huyu ni mbwa gani?”, na kwa kushughulika na hilo huacha maswali ambayo majibu yake yapo wazi kabisa. Hata hivyo wanaotaka marufuku hawakurupuki. Wengi wao wamewahi kuona, au wamemzika, mtu aliyeraruliwa na mbwa. Hoja yao inastahili kusikilizwa mpaka mwisho, na nitaifikia.

Jina la Pit Bull lilikotoka

XL Bully ametokana na ukoo wa Pit Bull, kwa hiyo tuanzie huko. Karne kadhaa zilizopita Uingereza kulikuwa na mchezo wa kumfunga fahali na kumwachia mbwa wamshambulie, watu wakitazama na kuwekeana dau. Mwaka 1835 Bunge liliupiga marufuku. Waliopenda damu hawakuacha. Walihamia kwenye kupiganisha mbwa kwa mbwa, mchezo unaofichika kwa urahisi kuliko kumfungia fahali uani. Wakachanganya mbwa wenye nguvu wa kukamata fahali na wale wadogo wepesi wa kuwinda panya na wanyama wa mashimoni. Chotara hao walishindanishwa ndani ya shimo au kizimba, na neno la Kiingereza la shimo hilo ndilo lililobaki katika jina Pit Bull.

Kutoka ukoo huohuo yalizaliwa majina kadhaa. Marekani, chama kimoja cha wafugaji kiliandikisha American Pit Bull Terrier mwaka 1898, na chama kingine kikaandikisha mbwa wa damu hiyohiyo mwaka 1936 kwa jina la Staffordshire Terrier. Uingereza nako Staffordshire Bull Terrier akatambuliwa mwaka 1935. Wote hao ni mabinamu wa karibu. Pamoja na hayo, Staffordshire Bull Terrier ni mbwa halali na kipenzi cha familia nyingi za Uingereza, wakati Ujerumani imekataza kumwingiza nchini tangu 2001. Akivuka bahari anabadilika kutoka kipenzi kuwa haramu, bila yeye mwenyewe kubadilika hata unywele.

Sheria maarufu kuliko zote katika jambo hili ilipitishwa Uingereza mwaka 1991. Yalikuwa yametokea mashambulizi ya kutisha, magazeti yamejaa picha za majeruhi, na waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Kenneth Baker, akapeleka muswada uliopita bungeni kwa haraka isiyo ya kawaida. Ulitaja mbwa wa sampuli nne: Pit Bull Terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Wa kwanza ndiye aliyekuwepo nchini kwa wingi. Wale watatu ni nadra kuwaona.

Angalia neno “sampuli”. Sheria haikusema mbwa awe na hati za ukoo. Ilisema awe wa sampuli ile, na mwaka 1993 mahakama ikathibitisha kwamba maana yake ni pana kuliko aina iliyoandikishwa. Mbwa akishafanana vya kutosha na maelezo ya umbo, basi. Wazazi wake wanaweza kuwa wa aina halali kabisa naye akazaliwa haramu. Kibaya zaidi, mzigo wa kuthibitisha umegeuzwa: mwendesha mashtaka akishadai kwamba mbwa ni wa sampuli iliyokatazwa, mwenye mbwa ndiye anayepaswa kuonyesha kuwa sivyo. Hadi 1997, jaji aliyeamua kwamba mbwa ni Pit Bull aliyevunja masharti hakuwa na namna ila kuamuru auawe, hata kama hajawahi kumkwaruza mtu. Mwaka huo ndipo sheria ilipolegezwa, mahakama ikapewa nafasi ya kumsamehe mbwa asiye na madhara.

Kulegezwa huko hakukuwaokoa wote. Belfast, Ireland ya Kaskazini, ambako sheria ni ya mtindo huohuo, mbwa aliyeitwa Lennox alichukuliwa nyumbani kwa wenyewe mwaka 2010 kwa kufanana na Pit Bull. Hakuwa amemuuma mtu. Kesi ilizunguka mahakamani miaka miwili, wataalamu wakavutana, na Julai 2012 akauawa.

Macho yetu hayajui yanachokitazama

Mtu akisema “nawajua Pit Bull nikiwaona”, anasema anachoamini. Tatizo ni kwamba hata wanaoshinda na mbwa kila siku hukosea. Katika utafiti uliofanywa kwenye vituo vinne vya kuhifadhi mbwa huko Florida na kuchapishwa 2015, wafanyakazi 16, baadhi yao madaktari wa mifugo, walionyeshwa mbwa 120 na kuulizwa ni wa aina gani. Kisha damu ikapimwa DNA. Vipimo vilionyesha kwamba mbwa 25 kati ya hao walikuwa na damu ya ukoo wa Pit Bull, lakini mbwa 62 waliitwa Pit Bull na angalau mfanyakazi mmoja. Zaidi ya hapo, wafanyakazi wenyewe hawakukubaliana kuhusu mbwa walewale.

Fikiria maana yake kwa takwimu. Habari ikitoka kwamba mtoto ameumwa, jina la aina ya mbwa huwa limetoka kwa jirani, kwa askari aliyefika baadaye, au kwa mwandishi aliyeona picha. Chotara mwenye kichwa kipana na nywele fupi anaitwa Pit Bull. Kesho anaingia kwenye hesabu kama Pit Bull. Keshokutwa hesabu hiyo inatumika kuthibitisha kwamba Pit Bull ndio wanaouma. Watafiti wa Marekani waliochunguza kwa kina vifo 256 vilivyosababishwa na mbwa kati ya 2000 na 2009 waligundua kwamba aina ya mbwa iliweza kuthibitishwa kwa uhakika katika asilimia 17.6 tu ya visa.

Kuna na tatizo la hesabu yenyewe. Ukiambiwa kwamba mbwa wa aina fulani wameuma watu 40, bado hujajua lolote mpaka ujue wapo wangapi. Wakiwa 400, ni balaa; wakiwa laki nne, ni jambo jingine. Idadi hiyo ya chini ya mstari karibu kila mahali haijulikani, maana mbwa wengi hawajaandikishwa na wengi ni chotara. Tena mbwa mdogo akiuma, jeraha huoshwa na kufungwa nyumbani. Mkubwa akiuma, mtu anakwenda hospitali na anaandikwa. Takwimu zinapima ukubwa wa jeraha kuliko zinavyopima hasira ya mbwa.

Je, damu haina kazi?

Hapa watetezi wa mbwa huwa wanapitiliza, nami sitaki kuwafuata. Husema kila kitu ni malezi. Si kweli. Mchukue mbwa wa kuchunga kondoo, Border Collie, mwenye umri wa miezi mitatu, hajawahi kumwona kondoo. Atainama, atakaza macho, atatambaa tumbo chini, na kama hakuna kondoo atawachunga bata au watoto wa nyumbani. Hakuna aliyemfundisha. Kuanzia 1959, mtaalamu wa Kirusi Dmitri Belyaev alichagua mbweha wa kufugwa kwa kigezo kimoja tu, wale wasiomwogopa wala kumshambulia mtu, akawazalisha wao kwa wao. Katika vizazi vichache walianza kutikisa mkia na kuwafuata watunzaji. Ikiwa upole unaweza kuchaguliwa kwa kizazi baada ya kizazi, ukali nao unaweza.

Ila yapo mawili yanayochanganywa: ukoo na aina. Belyaev aliwachagua wazazi mmoja mmoja, kwa tabia aliyoipima kwa macho yake. Hakuchagua jina. Mfugaji anayezalisha dume mkali na jike mwoga, kisha akauza watoto wao kwa anayetaka mbwa wa kutisha watu, anatengeneza hatari ya kweli ndani ya ukoo ule mmoja. Mfugaji mwingine mwenye mbwa wa jina lilelile, anayewazalisha wale watulivu pekee, anafanya kinyume chake. Jina kwenye karatasi linawafunika wote wawili.

Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022 ulilipima hili. Ulikusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000, wengi wao chotara. Matokeo: kwa wastani, aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti ya tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Tabia kama kufuata amri ilionyesha uhusiano fulani na aina. Wepesi wa kukasirika au kuogopa haukutabirika kwa jina. Asilimia 9 si sifuri, na atakayedai aina haina maana yoyote hatendi haki. Lakini ni msingi mwembamba mno wa kumhukumia kiumbe kifo.

Ujerumani walipata nafasi ya kulijaribu jambo hili ana kwa ana. Jimbo la Lower Saxony liliwahi kutaka mbwa wa aina zilizoorodheshwa wapitishwe kwenye mtihani wa tabia: mtu anayepepesuka, mtu anayefungua mwavuli ghafla, mtu anayemkodolea macho, mbwa mgeni nyuma ya uzio. Baadaye watafiti wakawapitisha kwenye mtihani uleule Golden Retriever 70, mbwa ambao jina lao peke yake huwafanya watu watabasamu. Waliooana na picha ya upole walikuwa asilimia 98 na ushee. Wale wa orodha ya hatari, asilimia 95. Kitakwimu, tofauti hiyo haikuwa na uzito.

Nchi zilizojaribu

Uholanzi ilipiga marufuku Pit Bull mwaka 1993. Mwaka 2008 serikali ikatangaza kuifuta sheria hiyo, kwa kuwa kuumwa na mbwa hakukupungua. Italia ilitoka kwenye orodha ndefu ya aina, ikaitupa mwaka 2009 na kuhamishia uzito kwenye wajibu wa mwenye mbwa. Denmark ilikataza aina 13 mwaka 2010. Utafiti uliofuatilia majeruhi waliotibiwa hospitali mjini Odense haukuona badiliko lililotokana na sheria. Denver, Marekani, ilikuwa na marufuku tangu 1989, na mwaka 2020 wapiga kura wenyewe wakaamua yalegezwe na kuwa mfumo wa vibali. Na Uingereza, yenye sheria kali tangu 1991, waliolazwa hospitali kwa kuumwa na mbwa waliongezeka kutoka takriban 6 kwa kila watu 100,000 mwaka 1998 hadi karibu 15 mwaka 2018.

Si kila ushahidi umeelekea upande mmoja. Jimbo la Manitoba, Kanada, lilitoa utafiti ulioona dalili kwamba mji wa Winnipeg, uliopiga marufuku Pit Bull mwaka 1990, ulipata nafuu ya majeruhi wa kulazwa ukilinganishwa na mji wa Brandon ambao haukufanya hivyo. Catalonia, jimbo la Hispania, nako wagonjwa wa kulazwa walipungua baada ya Hispania kutunga sheria ya mbwa hatari mwaka 1999. Watetezi wa marufuku huutaja sana mfano huu wa Catalonia. Wakiisoma sheria ya Hispania wataona kwamba haikuwafuta mbwa hao. Iliwataka wenye nao wakate leseni, wawe na bima, wawafunge kamba na kuwavalisha kifunika mdomo hadharani. Kama ndiyo iliyosaidia, basi kilichosaidia ni kumbana mwenye mbwa.

Tena marufuku huzaa mrithi. Anayetaka mbwa wa kumtisha mwenzake, ukimnyima jina moja hutafuta lingine. XL Bully mwenyewe ametokana na ukoo wa Pit Bull wa Kimarekani uliochanganywa na wengine. Miaka 32 baada ya Pit Bull kukatazwa Uingereza, damu ile ilikuwa imerudi kwa jina jipya na mwili mkubwa zaidi, na ikahitajika marufuku nyingine, na futi kamba.

Kinachoua

Wale watafiti wa vifo 256 hawakuishia kuhesabu majina. Waliuliza maofisa waliofika eneo la tukio, na picha iliyotoka inafanana kisa baada ya kisa. Katika asilimia 87 ya vifo hakukuwa na mtu mzima mwenye uwezo wa kuingilia kati. Katika asilimia 85 aliyeuawa hakuwa na mazoea na mbwa yule. Asilimia 84 ya visa vilihusu mbwa ambao hawajahasiwa. Katika asilimia 76 mbwa hakuwa akiishi kama mwanafamilia. Alikuwa mbwa wa uani, wa mnyororo, wa bandani, asiyezoea kuguswa wala kusemeshwa. Waathiriwa wengi walikuwa watoto wadogo, wazee au wagonjwa. Na katika vifo vinne kati ya vitano, angalau sababu nne za namna hii zilikutana kwa pamoja.

Nilipoisoma orodha hiyo mara ya kwanza nilinyamaza muda mrefu. Kila kilichomo ni kitu cha kuonekana kwa macho kabla ya msiba. Mnyororo unaonekana. Mtoto aliyeachwa peke yake uani anaonekana.

Ule usemi wa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo unamfaa mbwa pia, ila kwake muda ni mfupi mno. Kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14 ya maisha yake, ubongo wa mbwa hupokea dunia kwa urahisi: sauti za watoto, wanaume wenye kofia, baiskeli, mbwa wengine. Akiupitisha muda huo ndani ya banda, kila kigeni baadaye kitakuwa tishio. Anayenunua mbwa wa wiki 16 aliyekulia gizani amenunua hofu, na mbwa mwenye hofu asiye na pa kukimbilia huuma.

Tena mbwa huonya. Hapa ndipo ninapotaka kila mwenye mtoto asome polepole. Kabla ya meno kuna lugha nzima: anapiga miayo ilhali hana usingizi, anajilamba pua, anageuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, masikio yanalala nyuma, anainuka na kuhama. Akifuatwa anakakamaa, mwili unatulia kama jiwe, mdomo unafungwa. Kisha ananguruma. Wengi humpiga mbwa kwa kunguruma, wakidhani wanaondoa ukali. Wanachoondoa ni onyo. Mara nyingine ataruka hatua hiyo, na watu watasema aliuma bila sababu.

Niliumwa nikiwa na umri wa miaka tisa. Mbwa alikuwa wa jirani, wa rangi ya udongo, hana jina la aina yoyote. Mbwa koko mwenye masikio yaliyokunjika. Alikuwa amefungwa mnyororo chini ya mti na mbele yake sufuria ya chakula. Nilichuchumaa nimguse. Nakumbuka vizuri kwamba aliacha kula bila kuinua kichwa, shingo ikawa ngumu, akawa ananitazama kwa pembe ya jicho. Nilidhani ananisubiri. Alama ya meno mawili bado ipo mkononi, juu kidogo ya kifundo.

Naongeza jambo moja ambalo mjadala wa aina hulisahau. Kifo kingi zaidi kinacholetwa na mbwa duniani hakitokani na mataya makubwa. Ni kichaa cha mbwa, kinachokadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, wengi Asia na Afrika, na karibu visa vyote hutokana na kuumwa na mbwa. Kirusi cha ugonjwa huo hakiulizi ukoo. Chanjo ya asilimia 70 ya mbwa wa eneo huuvunja mnyororo wa maambukizi, na jeraha lolote la mbwa huoshwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kisha mtu hukimbilia kituo cha afya kwa chanjo, awe ameumwa na mbwa mkubwa au kijibwa cha kupakatwa.

Hoja nzito ya wanaotaka marufuku

Sasa upande wa pili, kwa nguvu zake zote. Wanasema: tuache tabia, tuangalie matokeo. Mbwa wa kilo 6 akikasirika ataacha alama. Mbwa wa kilo 55 mwenye shingo nene, anayeuma, akashikilia na kutikisa, anaua mtu mzima mbele ya watu wanne wanaojaribu kumtoa. Hata kama uwezekano wa kukasirika ni uleule, gharama ya kosa moja si sawa. Na takwimu za Marekani za vifo 238 kati ya 1979 na 1998, pamoja na kasoro zote za utambuzi, ziliwataja Pit Bull na Rottweiler katika zaidi ya nusu.

Hoja hii siwezi kuipangua, wala sitaki. Mama ambaye mwanawe ameuawa hana haja ya kuambiwa habari ya asilimia 9. Ninachosema ni kwamba hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho haifiki kwenye orodha ya aina. Inafika kwenye ukubwa na nguvu. Waandishi wa ule utafiti wa vifo 238 walihesabu aina zisizopungua 25 zilizowahi kuua, na wao wenyewe wakaonya dhidi ya kutunga sheria kwa majina. Mbwa mkubwa wa kulinda, ambaye hayumo kwenye orodha yoyote, ana kilo zilezile na mataya yaleyale. (Ile hadithi kwamba mataya ya Pit Bull yana kufuli ni uzushi, mfupa wa taya lake umejengwa kama wa mbwa wengine.)

Basi kama ni nguvu, tuiandike nguvu. Sioni ubaya wa sheria inayomtaka kila mwenye mbwa mzito, wa jina lolote, awe na leseni, bima na uzio unaokaguliwa, na inayomnyima mbwa huyo mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa ukatili au kupiganisha mbwa. Sioni ubaya wa kumbana mfugaji anayezalisha mbwa kwa ajili ya kutisha. Yeye ndiye anayeijua tabia ya dume na jike kuliko mtu yeyote. Mji wa Calgary, Kanada, ulichagua njia ya namna hii: leseni kwa mbwa wote, faini kwa mwenye mbwa msumbufu, maofisa wanaofuatilia malalamiko madogo kabla hayajawa makubwa, bila kutaja aina.

Na tukumbuke kilichotokea mwaka 2007, polisi walipowachukua karibu mbwa 50 wa aina ya Pit Bull kutoka kwenye biashara ya kupiganisha mbwa iliyomhusisha mchezaji wa mpira wa Kimarekani (American football), Michael Vick. Kama kuna mbwa waliopaswa kuwa nje ya matumaini, ni hao. Wataalamu waliwapima mmoja mmoja. Aliyeuawa kwa sababu ya ukali alikuwa mmoja. Wengi wa waliobaki walipata nyumba, na baadhi yao wakaishia kupelekwa hospitalini kuwaliwaza wagonjwa.

Msiba uliozaa sheria ya Ujerumani ulitokea Hamburg, Juni 2000, mvulana wa miaka sita alipouawa na mbwa kwenye uwanja wa shule. Taifa zima lilizungumzia aina ya mbwa. Lakini mmoja wa mbwa wale alikuwa ameshalalamikiwa, na mamlaka ilikuwa imeshaagiza afungwe kamba na kuvalishwa kifunika mdomo. Agizo lilikuwepo kwenye karatasi. Hakuna aliyekwenda kuangalia kama linafuatwa.

Hata yule aliyeniuma mimi, baadaye nilikuja kujua kwamba miezi michache kabla yangu alikuwa amemng'ata binti wa nyumba ya pili mguuni. Mama yake alimsafisha kidonda, wakubwa wakazungumza ukutani, mnyororo ukafupishwa kidogo. Halikuandikwa popote.